Maneno Yaliyoachwa Amana

Ahadi ni deni, walisema wahenga. Hawakusema deni hilo hulipwaje pale mdai anapotoweka pasi na kuaga, kaburi lake halijulikani liliko, na wala haijathibitika kwamba analo kaburi. Swali hilo liliwafika vijana watatu wa Wales mwezi wa Februari mwaka 1995, na jawabu yao iliwachukua miaka 14. Kwa kuwa deni lenyewe lilikuwa la maneno, yaani jalada la tungo alizoziacha mwenzao wa nne, historia ya bendi yao, Manic Street Preachers, inamhusu kila mpenzi wa ushairi, hata yule ambaye masikio yake hayakuzoea kishindo cha magitaa ya umeme.

Blackwood ni mji mdogo katika bonde la mto Sirhowy, kusini mwa Wales, nchi ya vilima iliyoishi miaka mingi kwa makaa ya mawe. Hapo ndipo walipokulia wote wanne, na wote walipitia skuli moja ya sekondari katika kijiji jirani cha Oakdale. James Dean Bradfield na Sean Moore ni binamu; Moore, baada ya wazazi wake kuachana, alilelewa nyumbani kwa akina Bradfield, wakakua kama ndugu wa tumbo moja. Nicky Wire, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Nicholas Jones, alikuwa rafiki yao wa skuli. Richey Edwards, aliyezaliwa Disemba 1967, aliwazidi umri kidogo. Walikuwa vijana wa miaka 15 na 16 pale wachimbaji wa makaa wa Uingereza walipogoma mwezi wa Machi 1984, na waliushuhudia mgomo ule ukivunjika mwaka mmoja baadaye. Mgodi wa Oakdale ukafungwa mwaka 1989, na mabonde yaliyokuwa yakiunguruma yakaingia kimya.

Wachimbaji wa mabonde yale walikuwa na desturi moja ambayo mshairi hawezi kuipita bila ya kusimama. Kutokana na ujira wao walichanga kidogo kidogo wakajenga kumbi zao wenyewe, na ndani ya kumbi hizo wakaweka maktaba. Mtu aliyeshinda chini ya ardhi tangu alfajiri alipanda juu, akakoga, kisha akaenda kusoma. Makaa yalikwisha thamani, lakini heshima ya kitabu haikufungwa pamoja na mgodi. Edwards na Wire walifika hadi Chuo Kikuu cha Swansea, ambako Edwards alisoma historia ya siasa, na wote wanne walikuwa wasomaji wenye njaa. Walipoanzisha bendi mwaka 1986, walichokuwa nacho kwa wingi hakikuwa ufundi wa vyombo wala fedha. Kilikuwa ni maneno.

Kazi waliigawa kwa namna ambayo mpenzi wa taarabu ataielewa bila ya kufafanuliwa. Katika taarabu mtunzi wa shairi, mtia muziki na mwimbaji huweza kuwa watu watatu mbalimbali, na shairi aghalabu hufika kwa mtia muziki likiwa limekwisha kamilika. Bendi nyingi za roki hufanya kinyume: sauti hutangulia, maneno yakaja baadaye kujaza nafasi. Vijana wa Blackwood walifuata njia ya mtunzi. Wire, mpiga gitaa la besi, na Edwards waliandika maneno. Bradfield, mwimbaji na mpiga gitaa la solo, akisaidiana na Moore, mpiga ngoma, walitia muziki. Edwards aliingia kwanza kama dereva wa bendi, na hata alipopewa gitaa la rithimu hakuwa mpigaji. Katika rekodi, magitaa karibu yote ni ya Bradfield. Bendi ya magitaa ilikuwa na mtu wa nne ambaye chombo chake hasa kilikuwa kalamu, na hakuna kati ya wenzake aliyeona kwamba hilo ni upungufu.

Wales ina jadi ya ushairi ambayo mtu wa mwambao angeitambua mara moja. Katika tamasha la taifa la Eisteddfod, mshindi wa utungo wa arudhi hukalishwa kitini mbele ya umma kama mtu anayetawazwa, na arudhi yenyewe, iitwayo cynghanedd, hudai konsonanti na vina vya ndani vilingane katika mstari kwa namna isiyomvumilia mvivu. Lakini jadi hiyo ni ya lugha ya Kiwelisi, na vijana hawa walilelewa kwa Kiingereza. Hawakurithi mizani yake. Mshairi wa mwambao angezishika tungo za Edwards, akazipima kwa vina na mizani, akaziita guni bila ya kusita. Mstari mfupi hufuatwa na mrefu usiokwisha. Kina hutokea kwa bahati. Majina ya viongozi, ya wauaji na ya maradhi hurundikana kama shehena iliyopakiwa kwa haraka. Mwenye kuitia muziki shehena hiyo alikuwa Bradfield, naye alijifunza kukata neno katikati, kukaza sauti pasipo na mkazo, na kuvuta pumzi mahali ambapo mtunzi hakuweka koma. Wako waliomlaumu kwamba maneno hayasikiki. Mwenye haki atasema kwamba hakubadilisha neno la mwenzake ili kuirahisisha kazi yake mwenyewe, na hiyo ni adabu ambayo watia muziki wengi hawanayo.

Walianza kwa majigambo. Mwaka 1988 walitoa santuri yao ya kwanza kwa fedha zao wenyewe, na walipofika London walitangaza kwamba watatoa albamu moja tu, itauzwa kwa mamilioni, kisha watavunja bendi. Wengi waliwaona ni waigizaji. Mwezi wa Mei 1991, baada ya onyesho katika mji wa Norwich, mwandishi mmoja wa habari za muziki alimuuliza Edwards kuhusu ukweli wa wanayoyasema, naye akajijeruhi mkono mbele yake kwa kuchanja neno la kudai kwamba wao ni wa kweli, hata ikabidi apelekwe hospitali kushonwa. Picha ya mkono ule ilienea kuliko wimbo wao wowote wa wakati huo. Ilikuwa hasara kwa ushairi. Neno linalohitaji damu ya mwenye kulisema ili lisadikiwe limekwisha kudhulumiwa, na jeraha, hata likiandikwa kwa herufi, si hoja. Kijana yule alikuwa mgonjwa, na umma ukaufanya ugonjwa wake kuwa tangazo.

Mwezi uo huo walitia saini mkataba na kampuni kubwa ya Sony. Albamu ya kwanza, Generation Terrorists, ilitoka mwaka 1992 ikiwa na nyimbo 18. Haikuuzwa kwa mamilioni yaliyoahidiwa, na bendi haikuvunjika. Ya pili ilifuata mwaka 1993. Ya tatu, The Holy Bible, ilitoka mwishoni mwa Agosti 1994, na hiyo ndiyo iliyoweka jina la Edwards katika daftari la watunzi. Waliirekodi katika studio ndogo na ya gharama nafuu mjini Cardiff, na Edwards aliandika takriban robo tatu ya maneno yake. Walikuwa wamezuru kambi za mateso za Dachau na Belsen, na alichokiona huko kimo ndani yake, pamoja na adhabu ya kifo, njaa ya kujitakia, na mwili wa binadamu unaouzwa kama bidhaa. Ni albamu ngumu, kavu, isiyombembeleza msikilizaji. Ilifika nafasi ya sita katika chati ya Uingereza kisha ikashuka upesi. Miaka ilivyopita wahakiki waliirejea wakaiweka miongoni mwa kazi kubwa za muongo ule.

Wakati albamu inatoka, mtunzi wake alikuwa hospitalini, na wenzake watatu walikuwa wakipanda majukwaani bila yeye. Alirejea. Mwezi wa Disemba walifanya maonyesho matatu London, na usiku wa mwisho walivivunja vyombo vyao jukwaani. Tarehe 1 Februari 1995, siku ambayo yeye na Bradfield walitarajiwa kusafiri kwenda Marekani, Edwards aliondoka hotelini mjini London na hakuonekana tena. Gari yake ilikutwa baadaye mwezi huo katika kituo cha mapumziko cha Aust, karibu na daraja la mto Severn, mto unaozitenga Uingereza na Wales. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Msiba una taratibu zake: kuna kuosha, kuzika, kupokea tanzia, kuhesabu siku. Kutoweka hakuna taratibu. Wanazuoni wa fikihi waliliona tatizo hilo zamani wakaliwekea mlango wake, wakijadiliana mke wa aliyetoweka asubiri muda gani na mali yake igawiwe lini, kwa sababu aliyetoweka si hai kwa uhakika wala si maiti kwa uhakika. Sheria ya Uingereza nayo iliiruhusu familia kuomba tamko la kifo baada ya miaka saba. Wazazi wa Edwards hawakuomba mwaka 2002 ulipofika. Walisubiri hadi Novemba 2008 ndipo ikatolewa amri ya kumhesabu kuwa amefariki. Hakuna mwenye haki ya kuwauliza kwa nini walikawia.

Wenzake walikuwa na njia tatu. Wangeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angewalaumu. Wangeweza kumtafuta mtu wa nne wakaendelea kana kwamba aliyeondoka ni fundi wa kuajiriwa. Au wangeweza kuendelea wakiwa watatu, na mahali pake pakabaki wazi. Baada ya kuzungumza na familia yake na kupata ridhaa, walichagua ya tatu. Hakuna mwanachama aliyeingizwa badala yake. Waliowasaidia kupiga gitaa jukwaani miaka ya baadaye walibaki wasaidizi. Fungu lake la mapato liliendelea kutengwa kwa jina lake. Hii ya fungu ni habari ya hesabu tu, lakini ndani ya hesabu hiyo mna tafsiri nzima ya neno uaminifu.

Wimbo uliowarudisha, A Design for Life, ulitoka Aprili 1996. Maneno ni ya Wire. Unazungumzia watu wale wale wa mabonde, maktaba zao, kazi yao, na dharau waliyotupiwa na wenye nacho. Ulifika nafasi ya pili katika chati, na umati uliouimba kwa kishindo mara nyingine uliufahamu kinyume, ukadhani ni wimbo wa kusherehekea ulevi. Hiyo ndiyo kadari ya fumbo linalotoka nje ya mji wake. Albamu yake, Everything Must Go, ilifuata mwezi wa Mei, na mashabiki waliofungua jalada lake walisoma jina la Edwards chini ya nyimbo tano. Mmoja wao unamhusu Kevin Carter, mpigapicha wa Afrika Kusini aliyepata tuzo ya Pulitzer mwaka 1994 kwa picha ya mtoto mwenye njaa huko Sudan, kisha akajiua miezi michache baadaye. Mwingine ni wa mnyama aliyefungwa kizimbani. Bradfield aliutilia gitaa lisilo la umeme na kinubi, basi. Yule aliyekuwa akiyapigania maneno ya mwenzake kwa makelele alikuwa amejifunza kuyapisha.

Baada ya hapo mafanikio yalikuja kwa mkupuo. Mwaka 1997 walipata tuzo za Brit za bendi bora na albamu bora. Mwaka 1998 walifika kileleni kwa wimbo uliowakumbuka watu wa Wales waliojitolea kupigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, na kwa albamu iliyobeba kauli ya Aneurin Bevan, mzaliwa wa Tredegar, mji ulio karibu na kwao, mwanasiasa aliyeiasisi huduma ya afya ya taifa. Usiku wa kuamkia mwaka 2000 waliujaza uwanja mkubwa wa Cardiff. Februari 2001 walipiga Havana katika ukumbi wa Karl Marx, na Fidel Castro akahudhuria. Mwacha asili ni mtumwa, na wao hawakuiacha. Kadiri walivyokwenda mbali ndivyo mada zao zilivyorejea bondeni.

Lakini msemo mwingine uliwaandama: kufa kufaana. Wakosoaji walisema wazi kwamba bendi iliyouza kidogo ilipokuwa na mtunzi wake imeuza sana alipotoweka. Tuhuma hiyo haiwezi kufutwa kwa maneno matamu, kwa kuwa tarehe na mauzo vinaonekana. Inaweza kujibiwa kwa jambo moja tu, nalo ni lile walilofanya na jalada.

Wiki chache kabla ya kutoweka kwake, Edwards alimkabidhi Wire jalada la maandishi, na wenzake wakapata nakala. Mlikuwa na tungo 28 pamoja na michoro na vipande vya picha vilivyobandikwa. Nne kati ya tungo hizo ziliingia katika albamu ya 1996. Zilizobaki zilikaa. Mwaka 1998, walipokuwa kileleni na chochote chenye jina la Edwards kingenunuliwa kabla hakijasikilizwa, hawakulifungua. Miaka ya 2001 na 2004, mauzo yalipopungua na jalada lingeweza kuwaokoa, hawakulifungua. Walilifungua walipokuwa wamefikisha umri wa miaka 40, wakati sifa wamekwisha kuzipata na wamekwisha kuzikosa, na hawakuwa na haja ya kumtumia mtu.

Journal for Plague Lovers ilitoka Mei 2009, na kila neno lililomo ni la Edwards. Waliirekodi katika studio ya Rockfield, Wales, pamoja na Steve Albini, fundi wa Kimarekani aliyesifika kwa kuinasa bendi jinsi ilivyo bila ya mapambo. Hawakuchomoa wimbo mmoja wakautoa peke yake kuusaka uongozi wa chati. Juu ya jalada waliweka mchoro wa Jenny Saville, yule yule aliyewapa mchoro wa The Holy Bible. Ulionyesha uso wa kijana wenye wekundu kama wa damu, na maduka makubwa ya Uingereza yakaufunika kwa karatasi tupu ili wanunuzi wa mikate wasiuone. Kwa watu wanaotuhumiwa kuuza msiba, huo ni uchuuzi wa ajabu.

Hapa ndipo palipo na swali linalomgusa kila aliyewahi kuhariri mswada wa marehemu au kufasiri tungo za mtu asiyeweza tena kuulizwa. Si maandishi yote ya jalada yalikuwa tayari kuimbwa. Mengine yalikuwa mafupi mno na ya kufumba mno yasipate muziki, nayo waliyaacha yalivyo. Mengine yalikuwa nathari ndefu. La mwisho katika albamu ni la namna hiyo: Wire aliyachukua maandishi marefu ya mwenziwe, akapunguza hadi yakawa maneno ya wimbo. Je, alikuwa na haki? Wako wanaoshikilia kwamba neno la asiyekuwepo ni kama mali ya yatima, haliguswi. Wako wanaojibu kwamba mali ya yatima isiyoshughulikiwa nayo huharibika mikononi mwa msimamizi, na kwamba shairi lililofungiwa kabatini halikuhifadhiwa bali limezikwa. Kati ya rai hizo mbili hakuna kadhi wa kukata shauri. Kilichopo ni namna ya kushika mkasi. Wire alipunguza na hakuongeza, na pale ambapo mwimbaji wa bendi mwenye sauti kubwa na ya kupendeza angeweza kuupamba wimbo ule, aliyeuimba ni Wire mwenyewe, kwa sauti yake nyembamba isiyo na mafunzo. Aliyekabidhiwa jalada ndiye aliyetamka maneno ya mwisho. Aliyekata alisimama mbele ya watu akasikika ni yeye aliyekata.

Mtu anaweza kuisikiliza albamu ile na asiipende. Inakwaruza, na baadhi ya mistari yake imefungwa kwa ufunguo ambao mwenyewe aliondoka nao. Hata hivyo ni vigumu kuisikiliza na kusema kwamba wameifanya ili wanufaike. Hakuna wimbo unaomlilia Edwards, hakuna unaomtaja, hakuna unaoeleza. Wamemwachia aseme, na wamejiweka mahali pa mtia muziki, hatua moja nyuma ya neno, pale pale walipokuwa mwaka 1989 walipompa kijana asiyejua kupiga gitaa nafasi ya kuandika.

Mwezi mmoja baada ya albamu hiyo, Juni 2009, bendi ilialikwa kuizindua rasmi maktaba kuu mpya ya Cardiff, na katika kibao cha uzinduzi yakachongwa maneno ya wimbo wao wa 1996. Bendi imeendelea kutoa albamu. Ya 15 ilitoka Februari 2025, na wote watatu wamekwisha kuvuka umri wa miaka 55, umri maradufu ya ule aliokuwa nao mwenzao siku ile. Wale wachimbaji waliochanga kujenga kumbi za vitabu hawakupata umri wa kuiona maktaba ile ya Cardiff. Wangeifahamu, kwa kuwa walijua kwamba kitabu hukaa rafuni kikimsubiri msomaji ambaye aliyekinunua hatamjua. Jalada la Edwards nalo lilikaa namna hiyo kwa miaka 14, na waliolishika walijua tofauti iliyopo kati ya kuchelewesha deni na kulilinda.